Kushuka Jabali la Mviringo

Nimestaafu kuongoza wageni kwenye vilima vya Mwanza, na sababu si magoti peke yake. Vilima vyenyewe vinaisha. Nyumba zimepanda hadi vileleni, na mawe yaliyobaki wapiga kokoto wanayawashia moto mpaka yapasuke.

Utoto wangu hauna mengi: nilichunga mbuzi, nikaanika dagaa, nikaishia darasa la saba. Kazi nilifundishwa na mzee mmoja pale Isamilo, kilima ambacho Speke, mpelelezi Mwingereza, anatajwa kuliona Ziwa Victoria akiwa juu yake tarehe 3 Agosti 1858. Wageni walitaka habari za Speke. Mzee aliwapa sentensi moja, kisha akawageuzia kwenye mwamba.

Graniti hii ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Iliganda chini kabisa ardhini. Mzigo wa juu ulipomomonyoka, ikaanza kubanduka gamba kwa gamba kama kitunguu. Ndiyo maana ni ya mviringo, na hatari yake iko hapo. Ukipanda, mteremko unalegea; ukishuka, unazidi kuwa mkali, na ukingo huuoni mpaka uufikie. Kwa hiyo njia ya kushukia huchaguliwa wakati wa kupanda. Mzee aligonga magamba kwa fimbo: lililolia zito tulipita, lililolia kama lina uvungu tulizunguka. Michirizi myeusi, mapito ya maji ya mvua, hatukuikanyaga ikiwa na unyevu.

Ugomvi ulikuwa wa kushuka. Mwenzangu mmoja, ambaye baadaye alipewa ukubwa kwenye kampuni yetu, aliwafundisha wageni kukaa na kujiburuza. Mzee alimkatiza mbele ya watu: “Wasimamishe! Uzito uende kwenye nyayo.” Ukiegemea nyuma, unyayo unakosa uzito wa kuushika mwamba. Simama wima, kunja magoti kidogo, hatua fupi, unyayo wote chini. Mwenzangu hadi leo anadai mgeni aliyekaa haanguki. Kweli, haanguki, anateleza akiwa amekaa, na miguu ya kujizuia hana.

Tukipumzika, Mzee alisimulia Masala Kulangwa, kijana wa Kisukuma aliyeliua jitu Shing'weng'we lililomeza watu na ng'ombe. Alipolipasua tumbo kuwatoa, akamkata bibi kizee mmoja sikio. Wengine husimulia ushindi. Mzee alikazia sikio. Mwokozi mwenye haraka, alisema, humjeruhi anayemwokoa.

Vijana wa sasa, nawasikia mkimwonyesha mgeni mwamba fulani na kudai jitu lilifia hapo, ili bahshishi iongezeke. Mzee hakuwahi kuipa hadithi hiyo mwamba wake. Acheni. Na msimcheleweshe mgeni kileleni kwa ajili ya picha za machweo, kisha mkamkimbiza chini. Kwetu jua likizama giza halichelewi. Ondokeni mapema, mkiwa bado mnaona mnapokanyaga.