Bibi, huyu bado yupo?

Kifurushi cha king'amuzi kiliisha Jumanne, na mshahara ulikuwa bado siku tisa. Katika nyumba hiyo ya Mbezi Luis, upande wa njia ya Makabe, hilo si jambo la kuitisha kikao. Kikiisha, runinga inakaa kimya kama pambo na kila mtu anarudi kwenye simu yake. Safari hii kulikuwa na mgeni. Bibi alikuwepo.

Alikuwa ametoka Tanga wiki mbili nyuma, akashuka stendi ya Magufuli na kiroba cha machungwa, kwa ajili ya kliniki ya presha Mloganzila. Daktari alimwambia arudi baada ya wiki nne, na mwanawe akaona hakuna sababu ya kumpandisha mama wa miaka 71 basi la kwenda na kurudi kwa muda mfupi hivyo. Wajukuu walimpenda, hilo halina ubishi. Asubuhi shikamoo, marahaba, umeamkaje. Jioni vivyo hivyo. Baada ya hapo binti wa miaka 13 aliinamia simu ya mama, mdogo wake wa miaka minane akaomba ya baba, na bibi akabaki anasikiliza honi za mabasi kutoka barabara ya Morogoro.

Mkwewe ndiye aliyeliona. Anauza chakula karibu na stendi, na jirani na meza yake kuna kijana anayejaza filamu kwenye flashi. "Nijazie za zamani," alimwambia. "Zile zenye wazee." Kijana akachukua Sh2,000 na kumtazama mara mbili, maana wateja wake huulizia za Kikorea na za Kituruki.

Ya kwanza kufunguka ilikuwa ya King Majuto. Jina lake hakuna aliyelishika, na kusema kweli vichekesho vya Majuto ni vingi mno, vingine hadithi yake inapotea njiani kabisa. Kinachobaki ni mzee mwenyewe, macho yale, na namna anavyonyamaza kidogo kabla ya kujibu. Bibi alianza kucheka mzee hajafungua mdomo. "Huyu wa kwetu Tanga!" alisema. "Amri Athuman huyu. Alikuwa anachekesha watu jukwaani, kamera bado hazijamjua." Watoto wakawa wanamcheka bibi anavyocheka, na kwa nusu saa hakuna aliyegusa simu.

Kisha mvulana akauliza, "Bibi, huyu bado yupo?"

"Hayupo, mume wangu. Alifariki mwaka 2018, mwezi wa nane."

Filamu iliyofuata alikuwemo Mzee Small. Huyu je? Naye alifariki, mwaka 2014. Sharo Milionea, yule kijana wa mbwembwe? Ajali ya gari, Novemba 2012, huko huko Muheza. Mzee Jengua, yule mkali? Desemba 2020. Mvulana aliacha kucheka. Kila sura mpya ilipotokea alimgeukia bibi kwanza, filamu baadaye, na mama yake, akiona mambo yanageuka kuwa tanzia, akawahi kumtajia Monalisa na Joti, kwamba hao wapo na kazi wanafanya.

Haikusaidia. "Na wewe bibi, utakufa lini?"

Sebule ilitulia. Mama alifungua mdomo amkemee, maana ndivyo tulivyolelewa wengi wetu, mtoto hamuulizi mkubwa swali la namna hiyo. Bibi akamwahi. "Hiyo tarehe sina, mwanangu. Nina ya kliniki tu."

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kwa wiki mbili mtoto alikuwa amelala na neno Mloganzila kichwani. Alisikia hospitali, akaona mfuko wa dawa juu ya kabati, na hakuna mtu aliyemweleza chochote, kwa kuwa wakubwa walidhani hajui. Usiku huo mama yake alimkalisha akamweleza presha ni nini, kwa nini bibi hali chumvi, na kwamba watu huishi nayo miaka mingi wakinywa dawa zao. Kesho yake alikuwa wa kwanza kumletea bibi kidonge na maji, na swali lake la "huyu bado yupo" akaendelea nalo kama kawaida, ila sasa kwa udadisi wa kawaida wa mtoto anayekusanya majina.

Jumamosi baba alikuwa nyumbani, naye akadai zamu yake. Yeye hana habari na vichekesho, yeye ni mtu wa maigizo ya Kaole. Kwa wasiojua, Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote cha televisheni hadi 1994, ITV na wenzake walipoanza, wakati Zanzibar walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baba huyu aliingia Dar es Salaam mwaka 1996 kuja kusoma, akakaa kwa mama yake mdogo Magomeni. Runinga za mtaa mzima zilikuwa mbili. Siku ya igizo ndala zilijaa mlangoni, watoto sakafuni, wakubwa kwenye makochi, na mwenye nyumba alikuwa na haki ya kumtoa nje yeyote anayekohoa kohoa. Kaole Sanaa Group walipoonyeshwa ITV, kesho yake kisimani na kwenye daladala hakukuwa na mazungumzo mengine.

Kwenye flashi Kaole hawakuwemo, ila binti akavipata vipande kwenye YouTube. Baba akakaa sawa, tayari kuona wanawe wakipigwa na butwaa.

"Mbona wanaongea kama wako ndani ya pipa?" aliuliza mvulana.

"Baba, hii kamera imesimama tu," alisema binti. "Halafu wanasalimiana dakika tatu."

Walisema kweli. Sauti ilikuwa mbovu, na picha ilikuwa na ukungu. Hata filamu za baadaye, zile zilizouzwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ununue mara mbili, zina tabia ya kukuonyesha gari likiingia getini tangu linapokata kona mpaka mtu anaposhuka na kufunga mlango. Lakini baba hakutaka kuusikia ukweli huo. Alisema hawajui kitu, akainuka, akaenda kukaa barazani. Watoto wakatazamana. Kwani wamemtukana nani?

Mke wake alimfuata na kikombe cha chai. Hakumwambia arudi. Alimuuliza tu kama mama mdogo alikuwa akipenda igizo lipi. Mama mdogo alifariki mwaka 2009, na katika nyumba ile jina lake hutajwa kwa nadra, kwa sababu huyu baba akilitaja sauti humkatika. Alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kucheka peke yake. Mama mdogo alikuwa akigombana na runinga. Akimwona mwanamke kwenye igizo anakaribia kutapeliwa, alimpigia kelele, "Usimpe, wewe, usimpe!" mpaka mwenye nyumba akamwomba awe anasubiri barazani asimuliwe.

Hayo aliyarudia ndani, mbele ya watoto, akimwigiza. Akawaambia pia kwamba kipenzi cha mama mdogo alikuwa kijana mmoja mrefu aliyeanza kuonekana huko huko Kaole, Steven Kanumba. Kanumba alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, jiji lilisimama. Baba aliomba ruhusa kazini akaenda Leaders Club kuaga, akasukumwa na umati akashindwa hata kuliona jeneza. "Nilikwenda kwa ajili yake yeye," alisema. "Angekuwa hai angekwenda kwa miguu kutoka Magomeni." Watoto hawakuwahi kuambiwa kwamba walikuwa na bibi mwingine aliyegombana na runinga. Jioni hiyo walitazama Uncle JJ, ile ambayo Kanumba anacheza na watoto wadogo, na mvulana akaipenda moja kwa moja, gari la getini na vyote.

Si kila kitu cha zamani kilipita. Kwenye kichekesho kimoja mume alimtandika mkewe vibao, na muziki ukapigwa kuonyesha kwamba hapo ndipo pa kucheka. Zamani sebule nzima ingecheka. Mama akabonyeza kusimamisha, akawauliza watoto nini kimewachekesha. Hawakujua. Akaitoa. Bibi hakusema neno, ila alimtazama mkwewe kwa muda.

Jioni ya Jumatatu binti alikaa karibu na bibi akamuuliza, kwa hiari yake, yeye alikuwa akitazama nini enzi za usichana wake.

"Picha za Kihindi," bibi alijibu bila kufikiri. Tanga ilikuwa na majumba ya sinema, Majestic mojawapo, na shangazi yake alimpeleka Jumapili wakiwa wamevaa nguo za Idd. Alitaja Mother India. Alitaja Sholay, lakini hiyo, alisema, alikuwa ameshaolewa. Aliyoipenda kuliko zote ni Awaara, ya mwaka 1951, iliyoendelea kurudishwa kwenye majumba ya sinema ya pwani hii miaka mingi baadaye. Binti akaitafuta. Ilikuwepo, nyeusi na nyeupe, karibu saa tatu nzima.

Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai. Kihindi hakuna aliyekijua, bibi akiwemo, ila hilo halikumzuia kutafsiri. "Huyu ni jaji. Yeye anaamini mtoto wa mwizi ni mwizi tu, hata umlee vipi. Sasa kuna jambazi, alifungwa na huyu jaji bila kosa. Anamteka mke wa jaji amkomoe." Baba, aliyekuwa akila pembeni, akasema nyumba imepata Lufufu wake. Ikabidi awaeleze watoto kuhusu vibanda umiza, na yule Lufufu aliyekuwa akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili huku akiongeza vionjo vyake, mpaka watu wakamfuata yeye kuliko steringi.

Kwenye kioo, mke wa jaji alirudi nyumbani akiwa mjamzito. Majirani wakanong'ona. Jaji akasikiliza mnong'ono, akamtoa nje usiku, mvua inanyesha.

"Mama yangu naye alitolewa hivi hivi," bibi alisema, kwa sauti ile ile ya kutafsiri, kiasi kwamba binti alidhani ni maneno ya filamu.

"Mama yake nani, bibi? Jaji?"

"Mama yangu mimi."

Baba aliacha kula. Bibi aliendelea kutazama simu. Baba yake, alisema, alikuwa mkata mkonge, anakaa shambani miezi. Alirudi akamkuta mkewe na mimba, na watu wakampigia hesabu za miezi ambazo hawakuombwa kuzipiga. Alimpa mkeka na sufuria moja. Mama akaenda Pangani kwa kaka yake, na mtoto akazaliwa huko. Mtoto mwenyewe ndiye huyu anayewatafsiria Kihindi.

"Kwa hiyo yule babu wa Pangani..." baba alianza.

"Mjomba wangu. Ndiye aliyenilea, akaniozesha. Baba niliambiwa nilivyofanana naye, pua hii hii, lakini kumwona sikumwona."

Mwanaume wa miaka 46, amesafisha kaburi lile la Pangani kila anapokwenda, na kwenye fomu za shule za watoto aliwahi kuandika ukoo wa yule mzee. "Mama, mbona hukuwahi kutuambia?"

"Ningeanzia wapi, baba? Na nyinyi mlikuwa hamuulizi. Mlikuwa mnajua babu mnaye."

Hapo bando likaisha. Picha ikaganda, kiduara kikawa kinazunguka usoni mwa yule mama aliyesimama kwenye mvua. Siku nyingine baba angeuliza nani kalimaliza na kwa kazi gani. Alichukua simu yake, akanunua jingine, akawasha, akavuta kigoda akakaa miguuni kwa mama yake. Binti akasogea upande wa pili. Mkwewe akazima jiko akaja.

"Yule mzee," baba aliuliza kwa sauti ya chini, "alirudi kumwomba radhi mama yako?"

"Huyu jaji ngojeni mumwone, mtoto atasimamishwa mbele ya sheria na yeye yupo."

"Si jaji, mama. Nakuuliza baba yako."

Bibi alinyoosha mkono akaisogeza simu karibu zaidi. "Ongeza sauti, mjukuu wangu," alisema. "Hapa kuna wimbo."