Maandazi ya Shule

Watoto wa shule ya kijiji chetu walipikiwa uji katika pipa lililokatwa. Pipa likatoboka, na uji ukasimama. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kula kitu hamsikii mwalimu. Analisikia tumbo lake. Tulihitaji sufuria kubwa.

Siku hizi shule za serikali hazitozi ada. Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na hadi kidato cha sita mwaka 2022. Lakini chakula cha watoto shuleni bado kinategemea sana wazazi.

Mkutano uliitwa. Watu wakakaa kimya. Mwaka uliotangulia walichanga fedha, na hesabu yake hawakusomewa. Mzee mmoja akasema wazi, "Mwalimu, hatukatai kutoa. Tunakataa kutoa gizani."

Ndipo akina mama kumi wa darasa la kisomo walipoleta shauri. Walisema, "Tupike maandazi, tuyauze siku ya gulio." Kila mmoja alikopesha shilingi 5,000. Mtaji ukawa shilingi 50,000. Walimchagua mama mmoja, aliyejua kusoma mwaka ule ule, aandike daftari. Mwingine alishika fedha. Anayeandika hakushika fedha, na anayeshika fedha hakuandika.

Ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa hivi:

Unga kilo 10: sh. 20,000
Sukari kilo 2: sh. 6,000
Mafuta lita 3: sh. 18,000
Hamira: sh. 2,000
Kuni: sh. 4,000
Jumla: sh. 50,000

Walipata maandazi 400. Bei ilikuwa shilingi 200 kila moja. Yote yakiuzwa, ni shilingi 80,000. Hapo wengine walianza kushangilia. Mwandishi akawaambia, "Ngojeni. Elfu hamsini si zetu. Toeni mtaji kwanza." Faida ni shilingi 30,000. Tena, maandazi 150 yakibaki bila kuuzwa, faida yote imekwisha.

Kwa hiyo walipanga kazi vizuri. Unga ulikandwa usiku ili uumuke. Saa kumi alfajiri mafuta yalikuwa motoni. Kulipokucha, walikuwa gulioni, karibu na wauza chai. Mtu anayekunywa chai hutafuta kitafunio.

Biashara ilikwenda vizuri. Kisha akaja bwana mmoja mwenye cheo pale kijijini. Alichukua maandazi 20 kwa ajili ya wageni wake. Akasema, "Nitalipa," akaondoka. Akina mama walitazamana. Mwandishi hakusema neno. Alifungua daftari, akaandika jina lake, idadi na tarehe.

Jumapili watu walikutana chini ya mwembe. Mwandishi alisimama na kusoma polepole, akifuata mstari kwa kidole. "Yaliyouzwa kwa fedha taslimu, 365. Fedha, shilingi 73,000. Yaliyoungua, 15. Yaliyokopwa, 20." Kisha alisoma jina la aliyekopa.

Watu wakanyamaza. Mikono ya yule mama ilitetemeka, lakini hakufunga daftari. Bwana yule aliinuka, akatoa shilingi 4,000, akarudi kuketi. Mwandishi akaandika: "Amelipa." Faida ikawa shilingi 27,000.

Mzee aliyekataa kutoa gizani aliomba alione daftari. Alipolirudisha, alitoa debe la mahindi kwa ajili ya uji. Wengine wakafuata. Mtaji ulizungushwa katika magulio mengine matatu, kisha kila mama akarudishiwa shilingi zake 5,000. Sufuria ikanunuliwa, na stakabadhi yake ikasomwa mbele ya watu wote.

Ndugu msomaji, wapo wanaouliza: kisomo kina faida gani kwa mtu mzima? Wengine hujibu kwamba kinamwezesha kusoma barua yake mwenyewe. Ni kweli. Lakini fedha ya wengi nayo inahitaji mtu wa kuiandika na kuisoma kwa sauti. Isiposomwa, watu hufunga mikono. Ikisomwa, huifungua.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mtaji hutolewa kabla ya kuhesabu faida?
2. Kwa nini mwandishi hakushika fedha?
3. Katika kijiji chenu, hesabu za michango husomwa wapi, na nani huzisoma?