Aliyelengwa Hakuonekana

Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo sisi tuliokulia Unguja tuna msiba uliotangulia wa kwao: tumetazama taarab kwenye kioo kwa muda mrefu kiasi cha kuwazika watu tuliokuwa tukitazama nao.

Mama alikuwa na namna yake ya kutazama. Alikaa mkekani, karibu na televisheni, na fidla zikishaanza hakutaka kuulizwa kitu. Sisi watoto tulimkodolea macho mwimbaji. Yeye hakumshughulikia sana; aliwachunga wanawake waliokuwa wakiinuka kwenda kutunza. "Mwangalie yule," angesema. "Ubeti wa kwanza kauacha, wa pili kauacha, kainuka huu wa tatu. Ana mtu humo ndani."

Mwenye kutunza hatoi pesa tu. Anapoinuka penye ubeti fulani, akajongea taratibu huku noti kaishika juu, ameshayachukua maneno ya mshairi akayafanya yake, na ukumbini yumo aliyeambiwa. Kamera ilimfuata mpaka jukwaani, ikaonyesha noti ikipokelewa, kisha ikarudi kwenye ganuni. Aliyelengwa hakuonekana. Mama ndiye aliyekuwa akitujazia: jina, mtaa, na chanzo cha ugomvi, kama ni mume, kiwanja, au bangili zilizoazimwa zisirudi.

Leo taarab za zamani nazitazama kwenye simu. Picha imepauka, sauti inakwaruza, lakini yote yamo. Mwanamke aliyevaa kijani anainuka, shingo kaikaza, hamtazami mwimbaji hata kidogo. Anatazama upande wa pili, nje ya picha. Nairudisha nyuma, naitazama tena. Najua kwamba anamsema mtu. Wa kuniambia ni nani hayupo.

Tukizungumzia vipindi vilivyopotea, mawazo yetu hukimbilia kanda. Ni kweli, kanda hupotea. Hata BBC ilifuta zake ili izitumie tena, na ndiyo sababu vipindi vingi vya mwanzo vya Top of the Pops havipo. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928 na kufariki 1950, ametuachia sauti, televisheni haikumkuta. Mwimbaji mwenzake, Bi Kidude, ilimkuta. Alipofariki Aprili 2013 picha zake zilikuwa zimeshazagaa dunia nzima, ngoma ya unyago mbele yake, sigara mkononi. Lakini mwimbaji maarufu akifa hutangazwa, na nyimbo zake hurudiwa hewani. Mtazamaji akifa hakuna kipindi kinachokatizwa, ingawa taarab, zaidi ya muziki mwingi, nusu yake huwa kwa wasikilizaji.

Baada ya arubaini ya mama nilipata wazo la kwenda kwa mama mdogo, nimwekee picha hizo, aseme na mimi niandike. Alitazama mpaka mwisho. Alipomwona yule wa kijani alicheka, akajifunika uso kwa kanga.

"Namjua. Na aliyesemwa namjua."

"Nani, mama mdogo?"

"Wajukuu zake unasali nao msikiti mmoja. Acha."

Nilikasirika kidogo. Niliona hazina inaondoka mbele ya macho yangu kwa sababu ya haya. Nilipofika nyumbani nikaanza kumwelewa. Majina ya wapiga fidla, watunzi na waitikiaji, ambao mara nyingi kioo hakikuwataja, hayo tuyaulize na tuyaandike leo, maana hayamdhuru mtu na wanaoyajua wanapungua. Ugomvi ule ni kitu kingine. Mshairi alifumba makusudi, ili mhusika aumie, wanaojua wacheke, na wengine waondoke na utamu wa muziki. Mama alipokuwa hai niliketi miongoni mwa wanaojua, kwa tiketi yake. Nilidhani pale ni mahali pangu. Sasa niko na wale wengine, na sioni kwamba nimedhulumiwa. Ila naukosa uhondo, na zaidi namkosa aliyekuwa akinigawia.