Ufunguo wa Buruburu

Sisi tuliokulia Nairobi tukicheza kompyuta za cyber na za majirani hatukujua kama mchezo huwa na leseni. Ulikuwa na CD ya kuchoma kutoka kibanda fulani mjini, na namba imeandikwa juu yake kwa makapeni. Namba ikifutika unarudi kwa jamaa, anakuandikia nyingine, mnaendelea na maisha.

Lakini ule wa The Sims 2 tuliokuwa nao ulikuwa orijino. Mjomba aliutuma kutoka Minnesota mwaka 2007, pamoja na kompyuta ya mezani iliyotumia Windows XP: kasha, CD nne na kijitabu, na ndani yake kibandiko chenye ule mfululizo wa herufi na tarakimu. Dada yangu alikuwa na miaka kumi na tano. Mimi nilikuwa na minane na kazi yangu ilikuwa kukaa kando nikiambiwa nisiguse kitu.

Wengine huucheza mchezo ule kwa kuua watu kwenye bwawa la kuogelea. Siz alijenga nyumba yetu. Alipima sebule kwa miguu, hatua moja mraba mmoja, akanituma nihesabu vidato vya ngazi. Aliweka dirisha la jikoni linalotazama ukuta wa jirani, na mlango wa mbele uliofungukia upande usiofaa. Buruburu yetu ikasimama katikati ya Pleasantview, ikizungukwa na majumba ya Wazungu.

Baba alifariki 2010. Mwaka 2012 benki ikaipiga nyumba mnada. Tulihama kwa pickup mbili, na mvua ya siku hiyo ikaingia kwenye kasha la albamu. Picha za ndani ya nyumba zilizobaki ni tatu, na zote ni za birthday, kwa hivyo unachoona ni keki.

Basi siz aliponipigia mwaka 2023 kutoka Uingereza, ambako ni nesi, hakuwa anataka kucheza. Alikuwa amemaliza kulipia kiploti Joska. Alitaka kumjengea Mum nyumba ileile.

"Ile ramani iko kwa kompyuta," akasema. "Wewe ndio una muda."

Hiyo ya muda ilinichoma kidogo. Tangu niache chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imekwama, familia nzima inaamini kuwa mimi nina muda. Mwandishi wa kujitegemea, kwao, ni mtu aliye nyumbani.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imekufa. Nikachomoa diski kuu, nikashuka Luthuli Avenue kutafuta adapta ya kuiunganisha na laptopu kwa USB, maana waya zile pana za zamani hazina pa kuchomekwa siku hizi. Ikazunguka, ikalia kama mtu anayekohoa, ikafunguka. Folda ya Neighborhoods ilikuwemo ndani ya My Documents, nzima. Nyumba ilikuwepo, ila bila mchezo wenyewe huwezi kuiona. Ni mafaili tu. CD nne tulikuwa nazo. Kasha na kijitabu vilibaki Buruburu, au vilienda na takataka, na kibandiko navyo.

Habari njema ni kwamba michezo mingi ya EA ya miaka ile iliandika ufunguo wako ndani ya rejista ya Windows, ile ghala ambamo kompyuta huweka mipangilio yake yote. Zipo programu za kuusoma na kukuonyesha. Habari mbaya ni jirani zake. Ukitafuta programu ya kurudisha ufunguo uliopotea, unaletewa pia zile za kubuni ufunguo ambao hukuwahi kuwa nao, na nyingi za hizo hukuachia virusi kama asante. Yangu niliipata kwa mtengenezaji wake mwenyewe. Hata hivyo, programu ya kuzuia virusi iliidaka kabla sijaifungua. Si ajabu: kitu kinachopekua rejista kikitafuta funguo hufanana na mwizi hata kikiwa na barua ya mwenye nyumba. Nikaipa ruhusa, nikaifungua kama msimamizi.

Ikaniletea ufunguo mmoja. Wa Windows ya laptopu yangu.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kusema programu ni feki. Siyo feki. Inasoma rejista ya Windows inayotembea wakati huo, na mchezo haukuwahi kuwekwa kwenye laptopu ile. Rejista ya zamani ilikuwa imelala kwenye diski ya zamani kama faili la kawaida, na lazima uielekeze huko. Kuna programu zinazokubali kuelekezwa. Pia kuna zinazosoma ufunguo wa Windows na Office peke yake. Michezo haiwahusu, na hata uzielekeze wapi hazitakupa kitu.

Yangu ilikubali. Ikasoma, ikanipa ufunguo wa XP ya mjomba, herufi na tarakimu ishirini na tano, halafu kwenye michezo ikaandika sufuri.

Nilikaa na hiyo sufuri siku mbili, na makala ya mteja kuhusu vigae vya bafu ikingoja. Maelezo niliyoyafikia ni haya. Kwenye Windows ya biti 64, programu za biti 32 hutengewa chumba chao ndani ya rejista, kiitwacho Wow6432Node. Mchezo wa zamani ukiuweka kwenye mashine mpya, ufunguo wake unakaa humo. Lakini XP yetu ilikuwa ya biti 32. Haikuwa na chumba hicho. Programu ilikuwa inabisha mlango usiokuwepo.

Kwa hivyo niliiacha, nikaingia kwa mkono. Ukitaka kufanya hivi, nakili kwanza faili linaloitwa SOFTWARE kutoka Windows, system32, config la diski ya zamani, ufanyie kazi nakala. Fungua regedit, bofya HKEY_LOCAL_MACHINE, nenda File, chagua Load Hive, ulielekeze kwenye nakala hiyo na ulipe jina lolote. Mimi nililiita "buru". Halafu unashuka ngazi: buru, Electronic Arts, EA GAMES, The Sims 2, na mwisho kabisa kijumba chenye jina la ajabu, ergc.

Ndani yake mstari mmoja tu. Ufunguo.

Niliuandika kwenye daftari. Kisha nikaupiga picha. Kisha nikamtumia siz, saa nane usiku, akajibu kwa voice note ambayo haikuwa na maneno, ni kupumua tu na mlio wa mashine za wodini.

Windows 10 iliwachana na aina ya ulinzi iliyokuwa kwenye CD nyingi za miaka ile, kwa hivyo sikutaka hata kubahatisha na laptopu yangu. Fundi mmoja wa Moi Avenue alinikodishia ya Windows 7 ambayo haijawahi kuona intaneti, yenye mdomo wa CD. Alitaka mia tano kwa siku na kitambulisho changu. Nikaweka CD ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ikaniuliza ufunguo. Nikaandika polepole, kama mtu anayetuma pesa kwa namba asiyoijua. Ikakubali.

(Januari 2025 mchezo huu ulirudishwa sokoni kama Legacy Collection, unaununua kwa simu ukiwa kitandani. Nimeambiwa na watu wanne. Asanteni.)

Nikarudisha folda ya zamani mahali pake, nikampigia siz video, nikamwita Mum kutoka jikoni. Pleasantview ikafunguka. Nikaisogelea nyumba, nikaondoa paa, kuta zikashuka nusu. Sebule hiyo hapo. Kiti cha Baba kilikuwa cha rangi ya kijani, jambo nililokuwa nimelisahau kabisa. Siz alikuwa analia waziwazi. Mimi nilijifanya narekebisha mwangaza wa skrini.

Mum alivaa miwani. Akatazama kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata ukuta, mlango hadi mlango, bila kugusa kioo.

"Ni yenyewe," akasema.

"Ndiyo hii nataka kukujengea, Mum," siz akasema. "Ileile."

Mum akavua miwani, akaifuta kwa leso.

"Na hizo ngazi nitazipanda na magoti ya nani?"

Kimya. Siz akaniangalia kupitia simu kana kwamba mimi ndiye niliyeweka ngazi.

"Mniwekee ya chini," Mum akasema, akiinuka kurudi kwa ugali wake. "Na hilo dirisha la jikoni, miaka kumi na nane naosha vyombo nikitazama ukuta wa watu. Ligeuzeni liangalie barabara."