Wanyama Wasiolijua Jua

Tangu nianze shule nimefundishwa kuwa uhai wote hutegemea jua. Basi muhula huu, mwalimu wetu wa biolojia alipotusimulia habari za vilindi vya bahari, nilistaajabu sana.

Mwaka 1977 wataalamu wa miamba walizama katika chombo kiitwacho Alvin, karibu na visiwa vya Galápagos, kiasi cha mita 2,500 kwenda chini. Humo gizani waliona maji ya uvuguvugu yakibubujika kutoka nyufa za mwamba, na kando yake kome wakubwa na minyoo warefu wasio na kinywa wala utumbo. Walikula nini?

Mwaka 1980 Colleen Cavanaugh, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akisikiliza mhadhara. Aliposikia kuwa mwilini mwa mnyoo mna chembe za salfa, alisimama akasema kuwa bila shaka mna bakteria ndani yake, nao humtengenezea chakula kwa nguvu itokayo katika gesi ya salfa. Uchunguzi ulithibitisha maneno yake.

Mimi hukaa nyuma darasani, na mara nyingi swali hunifia mdomoni kwa kuogopa kuchekwa. Sasa nimeazimia kuinua mkono. Wenzangu, kuuliza si ujinga.