Mama Asiye na Jina

Wanahua wa Meksiko walichora usemi. Mbele ya mdomo wa mtu waliweka kiviringo kidogo, kama moshi unaoanza kujikunja, na msomaji akajua kwamba huyu anasema. Katika Codex Mendoza, iliyochorwa baada ya Wahispania kuiteka Tenochtitlan mwaka 1521, mfalme ameketi mkekani, kiviringo kiko mdomoni. Cheo chake ni tlatoani, yaani msemaji.

Kiviringo chenyewe hakituambii amesema nini. Maneno walibaki nayo wale waliojua kuusoma mchoro kwa sauti.

Majina yalikuwa na bahati zaidi. Jina lilichorwa karibu na mtu, mara nyingi likaunganishwa naye kwa mstari mwembamba. Mfalme Itzcoatl ni nyoka mwenye vipande vya obsidiani mwilini, lile jiwe jeusi lenye makali kama kioo. Lakini aliweza pia kuandikwa bila nyoka: obsidiani ni itztli, chungu ni comitl, maji ni atl. Chukua mwanzo wa kila neno, upate itz-co-a. Hata mji wa Cuauhnahuac, "karibu na miti", ulichorwa kama mti wenye kiviringo cha usemi, kwa kuwa nahuac, "karibu", inafanana kwa sauti na nahuatl, usemi ulio wazi. Wahispania wakauita Cuernavaca, pembe ya ng'ombe.

Katika utafiti wangu wa shahada ya uzamili, ukurasa unaonirudisha kila mara hauna mfalme. Mama anamwonya binti wa miaka 3. Vidoti vitatu vinahesabu umri wa mtoto. Nusu tortila ndiyo posho yake. Mama ana kiviringo mdomoni, ila hana jina. Mchoraji alikusudia mama yeyote.

Sisi tuna picha moja ya mama yake bibi. Mtaani alikuwa Mama Zuhura, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Nimeuliza jina lake mwenyewe kwa wajomba na mashangazi wote, waliolijua wameshazikwa. Maonyo yake tunayo: usipige mluzi usiku, usimkatize mkubwa akisema. Watoto wa dada yangu wanayasikia hadi leo.

Mchoraji wa Kinahua angempa kiviringo bila kusita. Ule mstari wa jina ndio ungekosa pa kuishia.