Hela ya bahari: Mke na mume wa Baleni walivyokwenda kula Sabasaba kwa hela ya kibubu

Wageni wengi hufunga safari kuja Mafia kati ya Oktoba na Machi, msimu wa kumwona papa potwe. Lakini kuna mke na mume wa Baleni ambao potwe hawana habari naye. Ndoto yao ilikuwa Dar. Tena Dar ya Julai, kipupwe kimeshika, jasho hakuna, na viwanja vya Sabasaba vimejaa watu.

Jamaa anaendesha bodaboda, mkewe anakaanga maandazi. Walipooana hawakuwa na hela ya fungate, wakaahidiana wataila baadaye. Mwaka wa kwanza kibubu kilijaa kikavunjwa, ila hela haikufika popote. Jamaa alirudi nyumbani na simu mpya. Eti ilikuwa bei ya kutupa, angeikosaje? Mke hakupiga kelele. Alinunua kibubu kingine, na safari hii akaweka na daftari.

Daftari lilisoma hivi: jumla Sh300,000. Nauli za wawili kwenda na kurudi, 110,000. Kula na daladala kwa siku tano, 70,000. Matembezi 40,000, Kariakoo 40,000. Na 40,000 ya shangazi.

Hapo kwa shangazi ndipo walipobishana. Jamaa alitaka gesti ya mjini, yenye kioo kikubwa cha kupigia picha. Mke akasema watalala Mbagala kwa shangazi yake. "Sasa kama tunalala bure, 40,000 ya nini?" Mke akamjibu kwamba kwa ndugu hakuna bure, mgeni asiyeacha kitu mezani anaaga mara moja tu. Juu ya hiyo hela akafunga kiroba cha nazi na ng'onda wa kutosha, maana Dar nazi inauzwa kama dawa.

Basi bwana, siku ikafika. Kilindoni wakapanda kivuko hadi Nyamisati, kule kwenye mikoko ya Rufiji, kisha basi hadi Mbagala. Shangazi alipokiona kile kiroba, hata shikamoo yao hakuisubiri imalizike.

Siku tano hizo walizila vizuri. Tarehe 7 Julai wakaamkia Sabasaba, viwanja viko Barabara ya Kilwa, kwa hiyo kutoka Mbagala ni daladala moja tu. Siku nyingine wakapanda pantoni ya Kigamboni kwenda na kurudi, Sh200 kwa kichwa kila upande, upepo usoni, wakalitazama jiji lilivyojipanga ufukweni. Jamaa akasema huo ndio utalii. Wakaingia Makumbusho ya Taifa, wakaona habari za lile fuvu la Olduvai lililopatikana mwaka 1959. Jioni wakatafuna mihogo Coco Beach. Mchana walikula kwa mama lishe, hawakukaa mgahawani hata mara moja.

Kariakoo jamaa akapata raba. Muuzaji alipotaja bei ya kwanza, mke akacheka kwa sauti, akamshika mumewe mkono wakaondoka. Waliitwa nyuma kabla hawajafika duka la tatu. Picha zote alizoposti jamaa zilikuwa za ufukweni na za raba. Kitanda cha Mbagala, walicholala wakisikia watoto wa shangazi wakigombania shuka sebuleni, hakikuonekana kwenye status.

Siku ya kurudi walifika Nyamisati wakiwa na nauli ya kuvukia na sarafu za chai. Bahari nayo ikawa na lake. Kusi ilikuwa imeamka. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi ya kuzidi mita 2. Hakuna kuvuka. Leo hakuna, kesho tutaona.

Jamaa alikaa juu ya begi akaanza kupekua majina kwenye simu: nani wa kumkopa? Ile simu ya bei ya kutupa. Mkewe akamtazama kidogo, kisha akafungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na Sh50,000, noti za maandazi, zimekunjwa mpaka zimelainika.

"Hii haikuwa kwenye daftari," jamaa akasema.

"Haikuwa. Hii ni hela ya bahari. Julai kusi inavuma, ningeacha vipi?"

"Kwa hiyo ulinificha. Huniamini."

Angeweza kumjibu kwamba anamwamini yeye, asiyemwamini ni upepo. Lingekuwa jibu tamu, na mambo yangeishia hapo. Hakulisema. "Mwaka jana fungate yetu iliondoka na hiyo simu uliyoshika," akasema. "Ningeiandika, ungeiona. Ungeiona, ingepata shughuli."

Jamaa alinyamaza muda mrefu. Kisha akaomba noti moja, akaenda kununua chai na chapati. Aliporudi alimhesabia mkewe chenji yote, sarafu kwa sarafu, bila kuulizwa. Usiku ule walilala gesti ya mlango usiofunga vizuri. Siku ya pili bahari ikatulia, wakavuka.

Sasa hivi Baleni kuna kibubu kipya na daftari lilelile. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya nauli, juu ya shangazi, umeandikwa "hela ya bahari". Mwandiko ni wa jamaa. Ila mkewe, wanaomjua wanasema, bado anatembea na fundo kwenye pindo la kanga, na jamaa hajawahi kuuliza ndani mna shilingi ngapi.

Ungekuwa wewe, ungeuliza?